Rangi Nyeusi ya Mzee Ezekia

Isevya, Tabora
12 Februari 2023

Kaka Zablon,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama wewe, wifi Julieth na watoto. Sisi huku tunaendelea. Mvua zimekuwa nyingi. Shangazi Minza wa Usoke tumbaku yake imepigwa na mvua ya mawe, karibu nusu ya shamba, ila yeye mwenyewe hajambo. Baba anakusalimu sana. Anakula vizuri, na kila Jumapili namsindikiza kanisani.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei tangu Pasaka ya mwaka juzi, siku ile baba aliponikabidhi ufunguo wa gari, ukaacha pilau kwenye sahani na kwenda stesheni. Sitarudia ya siku ile. Barua hii anaileta Shaban, yule anayepanda treni kuja huko Kigoma kufuata dagaa. Ukiwa na jibu mpe yeye.

Shida yangu ni hilo gari. Unajua nashona nguo za maharusi. Siku hizi mtu akija kupima shela anauliza na gari la kumpeleka kanisani, na Isevya hii nzima hakuna gari jeusi lenye heshima kama la baba, "la Mzee Ezekia" kama watu wanavyoliita. Mama Mektilda, yule mwenye duka la nafaka, anamwoza binti yake Jumamosi ya tarehe 15 Aprili. Nguo nashona mimi, na gari amelitaka hilo hilo. Sasa rangi imefifia. Ukipitisha kiganja unasikia inakwaruza kama ganda la muhogo. Nilitaka nipake nta tu yaishe, lakini muuza vipuri mmoja kaniambia kupaka nta juu ya rangi isiyoandaliwa ni kumpaka mafuta mtoto ambaye hajaoga.

Nilimwuliza baba rangi inaandaliwaje. Akanijibu: "Mwandikie Zablon. Kazi ile nilimwachia yeye yote." Basi ndiyo maana nakuuliza, kaka. Nielekeze hatua kwa hatua, kwa sababu mimi sijui chochote na kwenye karakana ya baba ya kupiga rangi magari hamkuniruhusu hata kufagia.

Mdogo wako,
Recheli


Mwanga, Kigoma
20 Machi 2023

Mdogo wangu Recheli,

Marahaba. Barua yako imefika, inanuka dagaa lakini inasomeka. Julieth na watoto hawajambo. Mkubwa ameingia kidato cha tatu. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na basi la abiria la kupiga rangi upya na mwenyewe alikuwa amenisimamia kichwani.

Unasema baba ananisalimu sana. Salamu hizo amekupa wewe, mimi hajaniandikia hata mstari. Haya.

Kuhusu gari lako. Gari jeusi ni kaidi, linataka mkono mzito. Litoe nje saa saba mchana, jua likiwa utosini, bati lipate moto ili uchafu ulegee. Chukua ndoo moja ya maji na sabuni ya unga, ile ya kufulia, wala usiibanie. Anzia chini kwenye matope, ndipo upande juu. Palipoganda lami au kinyesi cha ndege, sugua kwa ule upande mgumu wa sponji ya kuoshea masufuria. Ukimaliza, liache likaukie juani.

Kisha nunua kompaundi ya kukata, ile dawa nzito ya kusugulia rangi. Sugua kwa kipande cha jinzi, kwa kuzungusha, kwa nguvu zako zote, gari zima. Utaona kitambaa kinakuwa cheusi. Usishtuke, huo ni uchafu wa miaka mingi unatoka. Ukiona umechoka, endelea. Hapo ndipo upake nta.

Mimi niliyajua haya kwa makofi. Wewe unaletewa kwa barua. Mshukuru Mungu.

Kaka yako,
Zablon


Isevya, Tabora
18 Aprili 2023

Kaka Zablon,

Shikamoo. Pole na kazi. Wasalimu wifi na watoto. Pasaka tumeila kimya, baba na mimi. Baba kifua kilimbana kidogo kwa ajili ya baridi ya mvua, sasa ni mzima.

Nilifuata barua yako neno kwa neno, niliibandika kwa ndani ya kioo cha mbele ili nisikosee. Alhamisi nilifunga cherehani, saa saba nikalitoa gari nje. Jua lilikuwa kali mpaka sabuni inakauka kabla sijaisuuza. Lilipokauka nililirudisha kivulini, nikasugua mpaka mabega yakafa ganzi. Kitambaa kikawa cheusi kama ulivyosema, na mimi nikafurahi, nikasema kumbe uchafu ulikuwa mwingi hivi. Jioni nikapaka nta. Pale kivulini liling'aa.

Jumamosi asubuhi nikalipeleka kwa Mama Mektilda. Jua lilikuwa limeshatoka. Niliposhuka ndipo nikaliona juani kwa mara ya kwanza tangu nilisugue. Boneti yote ilikuwa na mikwaruzo ya duara juu ya duara, kama utando wa buibui. Kwenye kingo za milango rangi ilikuwa imetoka kabisa, inaonekana ile ya chini ya kijivu. Watu walikuwa wamejaa uani na vigelegele vimeanza. Mama Mektilda alikuja akalizunguka gari, akapitisha kidole mlangoni. Hakupandisha sauti. Akasema, "Recheli, mwanangu hawezi kwenda kanisani ndani ya sufuria."

Bibi harusi akapandishwa gari jeupe la binamu yake. Nguo niliyoishona wiki tano ikapita mbele yangu ndani ya gari la mtu mwingine. Mimi nikabaki na ufunguo mkononi, wanawake wa kwaya wananitazama halafu wanatazama pembeni.

Sasa nakuuliza, kaka, nilikosea wapi? Baba sijamwambia.

Recheli


Mwanga, Kigoma
9 Mei 2023

Recheli,

Marahaba. Watoto wazima. Julieth anakupa pole. Mimi pole sina.

Mikono yako ni ya sindano. Hata ningekuandikia nini, gari lile lisingekusikia. Liuze, ununue cherehani nyingine.

Unauliza ulikosea wapi. Ulikosea ile Pasaka, ulipoupokea ufunguo mbele ya watu ukasema asante baba, kana kwamba hujui gari lile lilitoka wapi. Nitakukumbusha. Nilikuwa darasa la tano baba aliponitoa shule nimshikie bunduki ya kupulizia rangi. Wewe ulikuwa unapelekwa darasani umepakwa mafuta, mimi napiga msasa mpaka vidole vinatoka damu, na nikikosea napigwa kwa ule ule ubao wa msasa. Nilivumilia kwa sababu nilijua ipo siku nitakuwa fundi mwenzake. Gari lile tulilinunua Nzega likiwa chakavu, kuku wanatagia ndani. Tulikaa nalo miezi saba. Rangi ile nyeusi niliipiga mimi, peke yangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na baba alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza. Ndipo akaniambia, "Sasa hata nikifa leo, kazi ipo." Ni mara moja tu katika maisha yangu amenisifu.

Halafu akampa gari mtu ambaye hajui hata kulipangusa.

Tangu siku ile hajaniandikia neno. Simu yake haipatikani. Mwambie kama amenifuta, aniandikie mwenyewe kwamba amenifuta. Wewe usiniandikie tena.

Zablon


Isevya, Tabora
25 Juni 2023

Zablon,

Wasalimu Julieth na watoto. Shangazi Minza ameuza tumbaku iliyobaki. Wewe sikuamkii.

Ulisema nisikuandikie. Naandika mara hii kwa sababu kuna mambo mawili unapaswa kuyajua, na moja ni baya kwangu kuliko kwako.

La kwanza. Kila asubuhi baba akienda kuota jua hupita kando ya gari na kuweka kiganja juu ya boneti. Tangu harusi nililifunika kwa turubai, lakini siku tatu baada ya kuipata barua yako ya Mei nilikuwa nimelifunua, akapita kama kawaida, akaweka kiganja, akasimama. Akarudisha mkono, akapapasa mpaka kwenye taa, akashuka mpaka kwenye ukingo wa mlango. Akaniita, akauliza nani amelichuna gari. Nikashindwa kusema uongo. Akataka nimsomee ulichoniandikia. Nikamsomea barua yako ya Machi. Akasema nisome tena. Akasema tena. Mara ya tatu nilipofika mwisho aliweka mikono juu ya magoti.

Kisha akasema: "Mtu asiyejua hukosea kimoja akapatia kingine. Huyu hakupatia hata kimoja. Haya ameyaandika mtu anayejua."

Nikamwambia labda ulisahau. Akaniambia kile kilichokuwa kinatia weusi kwenye kitambaa hakikuwa uchafu, ilikuwa ni rangi yenyewe. "Rangi yake mwenyewe," akasema. "Ameichuna kwa mkono wako." Siku ile hakula.

La pili. Umeuliza kwa nini baba hakuandikii. Baba haoni, Zablon. Ni presha ya macho, na simu yake aliizima aliposhindwa kuona namba. Ilianza kabla ya Pasaka ile, na ndiyo sababu alinipa ufunguo. Alikuwa ameshagonga nguzo ya lango mara mbili, akaona bora gari liwe kwa aliye nyumbani, kwa kuwa yeye hataliendesha tena. Mbele ya wageni hakutaka kusema. Jioni ile, ulipokwisha kuondoka, aliniambia nikuandikie nikueleze. Na kila baada ya miezi michache alikuwa akiniuliza kama umejibu. Nilimwambia bado.

Sikuwahi kukuandikia. Mwanzoni nilitaka uje bila kuitwa, kama mtoto mwenye baba. Baadaye, kila nilipokumbuka ulivyosukuma ile sahani mbele ya wageni, nilisema mwache aumie. Sasa jicho la kulia limezima kabisa, na la kushoto anaona mwanga tu. Daktari amesema kuona hakutarudi. Hilo ni langu, na nimelibeba. Radhi siwezi kukuomba kwa karatasi.

Lakini ujue na hili. Baada ya siku ile baba aliniambia nilete kigoda na ndoo mbili. Wiki tatu ameketi kando ya gari akinifundisha. Kivulini, bati likiwa la baridi, asubuhi kabla vumbi halijaamka. Ndoo moja ya sabuni ya magari, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Juu kwanza, chini mwisho, kwa mistari iliyonyooka. Lami kwa tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa laini, kisha kuosha tena. Nikaagiza Mwanza ule udongo wa kunata wa kuvutia uchafu, nikauteleza juu ya maji ya sabuni bila kukandamiza. Ulipoanguka chini mara moja, baba akasikia, akaniambia niutupe, maana umeshaokota mchanga. Kila sehemu niliyomaliza aliipapasa kwa kiganja alichokiingiza kwenye mfuko wa mkate, kwa sababu kupitia nailoni mkono husikia hata punje. Akikuta punje moja alisema, "Rudia," na mimi nikarudia. Mwisho kompaundi laini, kipande kidogo kidogo, kwa mkono usio na hasira. Kingo zilizotoboka tulizigusia rangi kwa brashi. Hazitakuwa kama zamani.

Hakunipiga hata kofi moja. Nakuandikia ili ujue kwamba sasa najua.

Recheli


Mwanga, Kigoma
6 Julai 2023

Recheli,

Salamu sina.

Miaka miwili nimemlaani mzee kipofu. Nimeketi na watoto wangu nikiwaambia babu yenu hatutaki. Mkubwa alitaka kuja likizo nikamkatalia. Wewe ulikuwa na kalamu, ulikuwa na Shaban kila mwezi, na ulijua.

Nilichokifanya kwenye gari nilikifanya. Nilipokuwa naandika ile barua ya Machi niliona kila hatua itakavyoikata rangi yangu, na bado nikaendelea kuandika. Sikatai. Lakini rangi hupigwa upya. Macho yake hayatanitazama tena, na hilo umelifanya wewe.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 15 kwa treni. Sitaki kukukuta. Nenda Usoke, nenda popote. Nikikukuta mlangoni nitageuza.

Zablon


Isevya, Tabora
30 Julai 2023

Zablon,

Julieth na watoto wasalimiwe.

Niliondoka kama ulivyotaka. Nililala kwa Shangazi Minza siku mbili, nikamsaidia kupukuchua karanga, na sikumwambia kilichonileta. Niliporudi Jumatatu ulikuwa umeshaondoka. Jirani niliyemwachia baba anasema ulikaa Jumamosi nzima uani na baba, na jioni ukatoka bila kuaga mtu.

Milango ya upande wa kulia nimeikuta imefanywa upya. Nani amekuruhusu? Nilikuwa nimeimaliza. Baba mwenyewe alikuwa ameipitisha kwa mkono wake. Kama ulitaka kunionyesha kwamba unajua kuliko mimi, hilo lilijulikana zamani, hukuwa na haja ya kupanda treni.

Lakini kilichonifanya niandike si milango. Baba amebadilika. Amekaa na uso wa mtu aliyepata kitu. Asubuhi namsikia anacheka peke yake. Namwuliza mlizungumza nini, ananiambia, "Mwulize kaka yako." Nimemwuliza kama mlisema habari ya ile barua ya Machi, ananirudishia lile lile. Nimemwuliza kama ulimwambia kwamba mimi sikukuandikia, lile lile.

Mimi ndiye ninayemwosha, ninayemvalisha na kumshika mkono. Nina haki ya kujua ulimwambia nini. Usinijibu kwa matusi, jibu swali.

Recheli


Mwanga, Kigoma
19 Agosti 2023

Recheli,

Julieth anakusalimu. Watoto wazima. Mkubwa atakuja huko Desemba kumwona babu yake, nimeshamruhusu. Umpokee yeye, usijihangaishe na mimi.

Sikutaka kujibu. Nimeanza barua hii mara nne.

Nilipoingia uani baba alikuwa kwenye kigoda. Sikutamka neno, nilipiga magoti tu nikamshika mkono. Akavigusa vidole vyangu kimoja kimoja, akafika kwenye hiki cha shahada kilichopinda kwa sababu ya bunduki ya rangi, akasema, "Umekonda." Hakusema habari ya barua. Nami sikusema habari ya kosa lako. Nilikuja nimejiandaa kukushtaki, maneno yote nilikuwa nayo tangu treni ilipopita Kaliua, lakini hakunipa nafasi. Aliniuliza habari za watoto, darasa la kila mmoja, na kama Mwanga bado umeme unakatika.

Kisha akasema nimfanyie upande mmoja wa gari, asikie. Nikaona ulichokuwa umefanya. Nilitafuta kosa, sitakudanganya, nililitafuta kwa tochi. Kule kwenye kingo lipo. Kwingine sikuliona. Nikachukua upande wa kulia nikaufanya upya wote, tangu kuosha, saa nne mfululizo, na yeye amekaa mbali kwenye kona ya uani, upande sikumwambia, anasikiliza maji na kitambaa. Sijawahi kufanya kazi namna ile kwa mteja yeyote. Ule wa kushoto sikuugusa, niliuacha kama ulivyouacha wewe.

Nilipomaliza nilimshika mkono nikamzungusha-zungusha uani kabla ya kumfikisha kwenye gari, ili asijue ameanzia wapi. Nikamwachia alizunguke peke yake. Alilizunguka mara mbili, amelishika, kiganja kipo ndani ya ule mfuko wa mkate. Nikamwuliza, "Baba, kazi yangu ni ipi?"

Akasimama kwenye mlango wa mbele wa kushoto. Akaupapasa juu mpaka chini. Akasema: "Huu hapa. Mkono huu niliufundisha mwenyewe. Ule mwingine ni wa dada yako, bado una haraka, lakini atafika." Akacheka, na machozi yakawa yanamtoka.

Sikumsahihisha. Nilimwambia ndiyo baba, huo ni wangu, nikachukua begi langu nikaenda stesheni.

Swali lako nimelijibu. Wewe ndiye unayekaa naye, ukiona inafaa umwambie ukweli, mwambie. Mimi nilishindwa.

Zablon